Magugu Katika Kipande cha Mwenzangu

Ipo salamu moja ya mtoto ambayo sikuiitikia, nayo inanisumbua mpaka leo. Mimi ni mama wa watoto wanne. Wote nimewafundisha tangu wakiwa wadogo kwamba wakimkuta mtu mzima watoe shikamoo, na nimewaambia mara nyingi kuwa mkubwa asiyeitikia salamu ya mtoto ana kasoro. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2016, mtoto wa kike wa miaka 7 aliniamkia katika bustani yetu akiwa na kikapu mkononi, nami badala ya kusema marahaba nilimwuliza kwa ukali, "Nani amekutuma kuja kuiba mboga?"

Akina mama wenzangu, siandiki habari hii kwa sababu inanipa sifa. Naiandika kwa kuwa najua wengi wetu tumo katika vikundi: vya kuweka na kukopa, vya kufuga kuku, vya kulima. Kila kikundi kina kanuni zake, nazo ni njema. Bila kanuni kikundi hakifiki mbali. Ila nimejifunza kwamba mtu anaweza kuifuata kanuni neno kwa neno na bado akamkosea mwenzake.

Jinsi bustani yetu ilivyoanza

Tunaishi pembezoni mwa mji wa Arusha, upande wa barabara iendayo Moshi, mahali ambapo ukiinua macho asubuhi unauona Mlima Meru. Udongo wetu ni wa volkano na unakubali karibu kila mbegu. Shida yetu ni nafasi. Viwanja vimegawanywa na kugawanywa tena, hata nyumba nyingi zimebaki na ua wa kuanikia nguo tu. Mwaka 2012 wazee wa kanisa letu waliturusu akina mama tutumie nusu ekari iliyokuwa pori nyuma ya jengo la ibada, karibu na mfereji. Tulikuwa 24. Tulipima kwa kamba, kila mmoja akapata kipande cha mita 5 kwa 10. Sehemu iliyobaki tuliiacha kwa ajili ya njia, shimo la mboji na kitalu cha miche.

Pengine msomaji ataona mita 5 kwa 10 ni kitu kidogo. Kwa mama anayejua kupanga, si kidogo. Mchicha huchumwa baada ya wiki 3 au 4 tu. Mnafu ukitiwa samadi na kupata maji, unaanza kuchumwa baada ya mwezi hivi, na kadiri unavyoukata ndivyo unavyochipua. Ngogwe ukizitunza zitakupa kwa miezi. Mama mwenye matuta manne aliyoyapanda kwa kupishana hakosi mboga ya jioni. Huku kwetu pia tuna bahati ya kuwa karibu na Tengeru, ambako wataalamu wa World Vegetable Center wamekuwa tangu miaka ya 1990 wakikusanya na kuboresha mbegu za mboga zetu za asili, zile ambazo zamani tuliziona ni chakula cha maskini. Mimi niliacha kabisa kununua mboga sokoni, na fedha ile ikawa ya daftari na sabuni.

Tuliweka kanuni chache. Kila kipande kilikuwa na zamu mbili za maji kwa juma. Kila mama alitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya samadi na mbegu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulisafisha mfereji pamoja. Mimi nilichaguliwa kuwa katibu, kazi niliyoipenda, maana napenda mambo yaliyonyooka. Nilikuwa na daftari kubwa lenye mistari, na humo niliandika nani amelipa, nani amechelewa, na nani hakuonekana siku ya mfereji.

Adui aingiapo

Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja kantangaze. Wale mnaolima nyanya hamhitaji maelezo. Kwa wengine niseme kwamba ni mdudu ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania aligundulika mwaka 2014, huku huku kaskazini kwetu. Kipepeo wake ni mdogo sana, wa rangi ya kijivu, na huruka usiku. Anataga mayai kwenye majani, na kiwavi anayetoka anajipenyeza ndani ya jani na kulila katikati, hata jani linaonekana kama limeunguzwa na moto. Halafu anaingia kwenye tunda. Asipozuiwa, mkulima anaweza kupoteza karibu nyanya zote. Si bure wakulima walimpa jina hilo, kwamba nenda ukanitangaze.

Ubaya wa mdudu huyu ni kwamba hajui mpaka. Wewe unaweza kuwa mwangalifu namna gani, ukang'oa majani yaliyougua, ukayafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuyaacha juani mpaka viwavi wafe, lakini kama jirani yako ameacha nyanya zake za zamani zisimame na kuoza, kazi yako ni bure. Tena hali nyanya peke yake. Anaishi pia kwenye viazi mviringo, biringanya, na hata mnafu unaojiotea. Kwa hiyo kipande kimoja kilichotelekezwa ni hatari kwa vipande 23 vingine.

Baada ya kupoteza nyanya zetu mwaka 2015, tulikutana na kuongeza kanuni moja. Nakumbuka maneno yake kwa kuwa mimi ndiye niliyeyaandika: kipande kikikaa wiki 3 bila kupaliliwa, na mwenyewe asitoe taarifa, kitapewa mama mwingine. Wote walikubali. Nami nasema mpaka leo, kanuni ile haikuwa mbaya.

Kipande cha jirani yangu

Aliyelima upande wangu wa kushoto alikuwa mama kijana, mpole, mwenye mtoto mmoja. Mume wake alikuwa utingo wa lori la safari ndefu na alikaa njiani majuma mengi. Hatukuwa marafiki wa karibu, lakini tulizoeana. Aliniazima jembe, nami nilimpa miche ya loshuu. Akimaliza kumwagilia kwake alikuwa na tabia ya kuelekeza maji kwangu kabla hajaondoka, ili nisisumbuke.

Masika ya mwaka 2016 hakuonekana. Mvua za Aprili zilikuwa zikinyesha, na kila mwenye shamba anajua kuwa mvua inastawisha magugu kuliko mboga. Kwanza yaliota majani mafupi. Halafu ndago zikaenea. Halafu kishona nguo kikasimama mpaka kiunoni, na katikati yake nyanya zake za msimu uliopita zikaangukiana na kuoza. Nilipoangalia majani yale nikaona alama za kantangaze. Moyo wangu ulichemka. Nilimtumia ujumbe wa simu. Hakujibu. Baada ya juma nikatuma mwingine. Hakujibu. Katika daftari langu niliandika: ametaarifiwa mara mbili.

Nyumba aliyopanga ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Kwa miguu, kutoka bustanini, ni dakika 20. Naomba mkumbuke hesabu hiyo.

Mwezi wa Juni tulikutana. Nilisimama, nikasoma kanuni, nikasoma tarehe. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi sote pale, aliuliza, "Kuna aliyefika kwake?" Nikamjibu kwa heshima, "Bibi, nimemtumia ujumbe mara mbili." Akanyamaza. Mikono ikainuliwa. Na kwa kuwa kipande kile kilipakana na changu, niliomba nikichukue mimi, nikakubaliwa.

Sitawaficha jambo. Nilikuwa nimekitamani. Kijana wangu mkubwa alikuwa anakaribia kwenda bweni, na kichwa changu kilikuwa kimejaa hesabu za sanduku, godoro na sare. Nilimwonea hasira jirani yangu kwa sababu ya mdudu, ni kweli. Lakini chini ya hasira ile palikuwa na furaha kidogo, na furaha ile ndiyo iliyonizuia kutembea dakika 20.

Niling'oa kila kitu. Nyanya zilizougua nilizifunga na kuziacha juani. Nikapanda vitunguu, maana kantangaze hasumbui vitunguu, na shamba lililougua linafaa kubadilishiwa zao. Kilipendeza. Kila aliyepita alinisifu. Ukingoni tu, karibu na njia, niliacha mchicha ulioota wenyewe kutokana na mbegu zake za zamani. Niliuacha kwa sababu ya uvivu, si kwa sababu ya wema.

Mtoto mwenye kikapu

Ndipo ikaja asubuhi ile ya Agosti. Nilikuwa nimeinama kwenye vitunguu, nikasikia, "Shikamoo, mama." Nilipogeuka nilimwona mtoto amechuchumaa ukingoni, akichuma mchicha jani kwa jani na kuutia kwenye kikapu. Majuma mawili kabla ya hapo tulikuwa tumeibiwa kabichi, na pengine hilo ndilo lililonipanda kichwani. Nikamwuliza lile swali nililowatajia mwanzo.

Hakukimbia. Alisimama, akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Mama alisema ni kwetu."

Nikamwambia, "Si kwenu tena. Mwambie mama yako aje mwenyewe."

Akakiinamisha kikapu, akaumwaga mchicha wote chini, mahali pale pale alipouchuma. Kisha akaenda zake. Alipofika njiani ndipo nilipomtambua kwa mwendo wake kuwa ni mtoto wa jirani yangu, yule aliyekuwa akija Jumamosi kucheza kwenye mfereji. Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Jioni nilimsimulia mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtoto wa miaka 7 anatumwa mboga peke yake mwendo wote huo, na mama yake yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Miezi minne nilikuwa nikijua hali ya kila jani katika kipande cha mwanamke yule, na sikujua kama yeye ni mzima au mgonjwa.

Mama mkwe wangu alikuwa kwetu siku hizo. Yeye alikulia Marangu, kwenye ile mifereji ya Wachaga iliyokuwapo kabla hata wageni wa kwanza kutoka Ulaya hawajafika mlimani katikati ya karne ya 19. Aliniambia kuwa kwao, asiyetokea siku ya kusafisha mfereji alitozwa faini, na faini haikuwa na mchezo. "Lakini mwanangu," akasema, "kabla ya faini wazee walituma mtu nyumbani kwake. Mtu haachi maji yake hivi hivi. Akiyaacha, ujue kuna jambo."

Usiku ule usingizi ulinipaa.

Dakika 20

Kesho yake asubuhi nilichuma mchicha na mnafu, nikaenda. Mtoto ndiye aliyefungua mlango. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja.

Mama yake alikuwa amelala kitandani, na mara moja nikaelewa. Alikuwa mjamzito, mimba ya miezi 6 iliyopita. Alikuwa amepoteza mimba mbili kabla ya hii. Mwezi wa Aprili aliona dalili za hatari, na daktari akamwambia alale, asiiname, asibebe ndoo. Hakumwambia mtu. Nyinyi akina mama mnajua kwa nini. Mimba changa haitangazwi, na mwanamke aliyekwisha kupoteza mbili anaogopa hata kuitaja. Simu waliiuza mwezi wa Mei ili kununua dawa. Mume alikuwa safarini. Jirani mmoja alimletea maji, na mambo mengine yote yalikuwa mikononi mwa mtoto yule.

Nilikaa kwenye kigoda nikitafuta maneno. Nikamwambia kipande chake nimekichukua mimi. Akasema, "Najua, Mama Katibu. Mtoto ameniambia."

Nikamwambia nitang'oa vitunguu siku hiyo hiyo nimrudishie kipande chake.

Akatikisa kichwa. "Vitunguu havina kosa. Viache vikomae." Kisha akanyamaza kidogo, akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Kila Jumamosi nilikuwa nasikiliza mlango. Nilifikiri mkiona magugu mtajua kwamba ninaumwa."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Msomaji mpendwa, mwanamke yule hakuyaona magugu yale kuwa aibu wala uzembe. Hakuwa na simu, hakuwa na mjumbe, na kwake magugu yale yalikuwa barua. Aliamini kuwa sisi tunaolima naye tungeisoma. Sisi tuliisoma kama mashtaka.

Kabla ya kuondoka palikuwa na kazi moja ngumu kuliko zote. Katika mila zetu si jambo la kawaida mtu mzima kumwomba radhi mtoto. Nilimwita yule binti nje, nikachuchumaa ili macho yetu yalingane, nikamwambia, "Jana uliniamkia nami sikukuitikia. Tena nilikuita mwizi, na wewe si mwizi. Nisamehe." Aliangalia chini muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Basi mchicha nichume?" Nikamwambia achume siku yoyote. Akasema, "Shikamoo." Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Na hiyo marahaba ilikuwa imechelewa siku nzima.

Kulipa na kushirikiana

Nilifikiri kuomba radhi kungemaliza mambo. Hakukumaliza. Jumanne na Ijumaa nilimpelekea mboga, na wenzangu walipopata habari waligawana siku zilizobaki: huyu maji, huyu kuni, huyu kufua. Alipokea kwa shukrani, lakini kwangu mimi palikuwa na ubaridi. Kwa wengine alisema "dada", kwangu aliendelea kusema "Mama Katibu". Nilitambua kuwa moyo uliochomwa hauponi kwa fungu la mchicha, nikaamua kutomharakisha.

Vitunguu vilikomaa mwezi wa Oktoba. Nilivuna gunia moja dogo na ndoo mbili juu yake. Nilichukua vyote, nikamwomba kijana wa mkokoteni anisaidie, nikavipeleka kwake. Alivitazama akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mambo yale yatokee.

"Nipe nusu," akasema.

Nikamwambia ni vyake vyote, kipande ni chake.

Akajibu, "Mbegu zilikuwa zako, na jasho lako. Nikichukua vyote utakuwa umenilipa, na mimi sitaki kulipwa. Nikichukua nusu tutakuwa tumelima pamoja." Akaongeza, "Dada."

Mwezi wa Novemba alijifungua salama mtoto wa kiume. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipoanza, alirudi bustanini na mtoto mgongoni na binti yake mbele akiwa amebeba jembe dogo. Kipande kilikuwa kimelimwa tayari na kutiwa samadi. Hilo sikulifanya peke yangu, tulilifanya akina mama saba siku moja.

Tulivyobadili kanuni

Baada ya mambo yale tulikaa tena, na yule bibi aliyeuliza swali lake mwezi wa Juni tulimpa nafasi ya kuzungumza kwanza. Kanuni ya wiki 3 hatukuifuta, maana mdudu bado yupo na hana huruma. Ila tuliizungushia mambo mengine, nayo nawaandikia hapa kwa faida ya wale wenye vikundi.

Kwanza, magugu yakionekana katika kipande cha mtu kwa wiki moja, akina mama wawili wanakwenda nyumbani kwake. Ujumbe wa simu hauhesabiki. Katika daftari langu sasa kuna safu mpya, na ndani yake naandika majina ya waliokwenda na walichokikuta.

Pili, kila kipande kina mlezi. Mimi ni mlezi wa aliye kushoto kwangu, na aliye kulia kwangu ni mlezi wangu. Mwenye kipande akiugua, akijifungua, akifiwa au akisafiri, mlezi anamwagilia na kupalilia. Mavuno yanabaki ya mwenye kipande, ila mlezi anachuma mboga ya siku moja kwa juma kama ahsante.

Tatu, nyanya iliyougua inang'olewa mara moja na yeyote aliyeiona, bila kusubiri mkutano, kisha mwenyewe anaambiwa. Kwa njia hiyo tunamshambulia mdudu bila kumshambulia mtu.

Nne, ukingo wa kila kipande, ule unaopakana na njia, hauvunwi na mwenye kipande. Tulikumbuka habari za Ruthu, mjane mgeni aliyeokota masuke nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi. Sheria ya wakati ule iliwakataza wenye mashamba kuvuna mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate chao bila kuomba. Nasi tunapanda mchicha ukingoni, na yeyote mwenye shida anachuma bila kuulizwa swali. Mtoto akija na kikapu, kazi yetu ni kuitikia salamu yake.

Tano, mama asiye na shilingi 2,000 anaweza kulipa kwa kazi ya shimo la mboji, bila kusomwa mbele ya mkutano. Tulikuja kujua kuwa baadhi ya waliokuwa wakitoroka mikutano walikuwa wakiikimbia aibu hiyo.

Mama mpendwa, pengine wewe huna bustani. Lakini una jirani ambaye siku hizi haonekani kisimani au dukani. Una mwanakikundi aliyechelewesha marejesho yake mara mbili. Una wifi ambaye nyumba yake imeanza kuwa chafu, na yeye hakuwa mtu wa uchafu. Ni rahisi kuliandika jina lake katika daftari, au kulitaja kwenye maongezi ya jioni. Mimi nasema, kwanza fika. Kama kweli ni mzembe, utamkuta na uzembe wake, na kanuni ipo. Hutakuwa umepoteza kitu ila muda kidogo. Lakini kama ni mgonjwa, au amekwama, au ana siri asiyoweza kuitamka, utakuwa umefika kabla hujapanda vitunguu vyako mahali pake.

Yule binti sasa ni msichana mkubwa, ananipita kwa urefu. Siku za shule zikifungwa huja kumsaidia mama yake kumwagilia, na akimaliza anaelekeza maji kwangu kabla ya kuondoka, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Kila anaponiamkia, nasimamisha jembe kwanza, ndipo ninapomwitikia.